Kioo, Seluloidi na Plastiki: Historia ya Arusha Chini ya Vidole vya Wachapaji

Tarehe 5 Februari 1967 Watanzania walitangaziwa Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea. Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama cha TANU ilikuwa imekutana mjini humo mwishoni mwa Januari, katika jengo la ustawi wa jamii ambalo tangu 1977 ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, tunawakumbuka wajumbe, tunawakumbuka vijana waliotembea kwa miguu siku nyingi kuliunga mkono. Wanastahili. Lakini enzi zile waraka haukutoka kichwani mwa kiongozi ukaingia moja kwa moja mkononi mwa mjumbe. Katikati alikaa mpiga taipu. Alivingirisha karatasi kwenye rola ya mpira, akanyoosha mgongo, akaanza kugonga herufi moja baada ya nyingine.

Arusha ni mji ulioandika mambo mazito kuliko ukubwa wake. Amri za boma la Kijerumani, malalamiko ya Wameru walionyang'anywa ardhi, Azimio, mikataba ya amani ya Rwanda na Burundi, hukumu za mauaji ya kimbari: vyote vimepita hapa chini ya vidole vya watu. Kwa hiyo historia ya mji huu ni historia pia ya kitu kidogo sana: kipande cha kioo, seluloidi au plastiki, upana wake kama sentimeta moja na nusu, kinachokaa kati ya ncha ya kidole na chuma. Kipande hicho huchangia kuamua kidole kitachoka saa ngapi, herufi yake itaonekana miaka mingapi, na chumba cha kazi kitakuwa na sauti gani. Nadhani tumekipuuza mno, na kwa kukipuuza tumewasahau waliokigusa kutwa.

Boma na vitufe vya kioo

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wajerumani wakiongozwa na Kapteni Kurt Johannes walilipiza kisasi kwa ukatili mkubwa, na kufikia mwaka 1900 boma la mawe lilikuwa limesimama Arusha, limejengwa kwa nguvu za watu walioshurutishwa. Ndani ya boma lile ndimo utawala wa kodi, vibarua na ardhi ulimofanyiwa kazi, na utawala wa namna hiyo hauendi bila karatasi.

Mashine ya kuandikia ilikuwa tayari imeenea duniani. Kampuni ya Remington ya Marekani ilianza kuuza mwaka 1874 mashine iliyobuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake, na ndiyo iliyotuachia mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y. Mwanzoni mwa karne ya 20 taipureta ilikuwa chombo cha kawaida katika ofisi za Ulaya na za makoloni.

Tukitazame kitufe cha mashine ya wakati ule kwa karibu. Juu ya mkono mwembamba wa chuma kuna kisahani cha bati. Juu ya kisahani kuna duara la karatasi lililochapwa herufi. Juu ya karatasi kuna kioo kidogo, na vyote vitatu vimebanwa pamoja kwa pete ya chuma iliyopakwa nikeli. Herufi ikiwa chini ya kioo haifutiki, hata ikigongwa miaka thelathini. Ndiyo maana taipureta za zamani zinazopatikana hadi leo zina herufi safi kana kwamba zimetoka dukani, ingawa chuma chake kimeliwa na kutu.

Uimara huo ulikuwa na gharama, na gharama aliilipa mchapaji. Kioo hakimezi pigo hata kidogo. Kidole kinaposhuka kwa nguvu, nyama ya ncha ya kidole ndiyo inayopokea mshtuko wote. Pete ya nikeli ina ukingo; kidole kikikosea katikati kinaangukia ukingo, na ukucha ukiwa mrefu unanasa. Na kioo hubeba baridi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai wingu la Meru hukaa juu ya mji asubuhi nzima. Anayeijua baridi ya miezi hiyo ataelewa mkono uliokufa ganzi ulivyopata taabu juu ya vioo arobaini na zaidi vilivyolala ofisini usiku kucha.

Badala ya kioo, baadhi ya watengenezaji walitumia seluloidi, plastiki ya mwanzo iliyotengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizopitishwa kwenye asidi na kuchanganywa na kafuri. Seluloidi haikuwa baridi kama kioo, na ilikuwa laini zaidi kwa kidole. Lakini iligeuka rangi ya manjano kadiri miaka ilivyopita, ilijikunja, na ilishika moto upesi. Kwa hiyo mchapaji wa wakati ule alikuwa na kitu kigumu kinachodumu, au kitu cha upole kinachochakaa. Mvutano huo kati ya kudumu na upole ndio uliobaki kuwa kiini cha habari yote hadi leo.

Wajerumani walitawala kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, na hapo mashine zao zilikuwa na jambo la pekee. Katika mpangilio wa Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Kwa Mwingereza jambo hilo ni dogo zaidi, kwa kuwa Z huitumia kwa nadra. Kwa Kiswahili ni balaa. Waingereza walipouteka mji wa Arusha Machi 1916 na mashine zao kushika nafasi, karani aliyezoea mpangilio wa zamani angepiga "nyumba ya" karatasi ikasoma "nzumba za". Vidole huwa na kumbukumbu yao, na kumbukumbu hiyo haiandikwi upya kwa amri ya serikali mpya.

Karatasi za Wameru

Chini ya Waingereza taipureta ilikuwa chombo cha serikali, misheni na wafanyabiashara, na waliokalia viti vya ukarani katika koloni walikuwa wanaume Waafrika na Wahindi. Lakini miaka ya 1950 chombo hicho hicho kiligeuzwa dhidi ya serikali yenyewe.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu. Watu karibu 3,000 walihamishwa, nyumba zao zikachomwa. Wameru hawakuchukua silaha. Walichukua kalamu na karatasi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko New York. Wakisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walijenga shauri lao kwa maandishi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Mashamba hayakurudi kwa uamuzi wa New York, kwani azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura zilizotakiwa katika Baraza Kuu. Hata hivyo shauri lile liliamsha Tanganyika nzima, na mwaka 1967 Japhet na Seaton walilichapisha kama kitabu.

Malalamiko kutoka Tanganyika yaliwekwa Umoja wa Mataifa chini ya alama T/PET.2, na yakasambazwa kwa wajumbe yakiwa yamepigwa taipu na kurudufiwa. Kupiga taipu na kurudufu ni kazi mbili zinazodai mkono wa namna mbili. Ukitaka nakala chache unaweka karatasi za kaboni kati ya karatasi nyeupe, na kila tabaka unaloongeza linadai pigo zito zaidi. Ukitaka nakala nyingi unaondoa utepe wa wino, unaweka stensili, na chuma cha herufi kinakata nta moja kwa moja ili wino upite baadaye. Ukigonga kwa woga, herufi haitokei. Ukigonga kwa hasira, tumbo la herufi O linakatika na kuanguka, na kila nakala inatoka na doa jeusi mahali pake. Mchapaji hodari alihesabu nguvu ya kila kidole, na kipimo chake cha nguvu kilianzia pale ngozi ilipogusana na kitufe.

Plastiki inaingia

Mwaka 1907 Leo Baekeland alibuni bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kabisa kwa kemikali. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya taipureta viliacha pete za nikeli na vioo, vikaanza kumimina vitufe vya plastiki ndani ya kalibu. Olivetti Lettera 22 ya Italia, iliyochorwa na Marcello Nizzoli na kutoka mwaka 1950, ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa kama mkoba, na vitufe vyake vilikuwa na bonde dogo juu ambamo kidole kilijikalia chenyewe. Hermes 3000 ya Uswisi, ya mwaka 1958, ilikuja na vitufe vya kijani.

Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kwa mkono. Plastiki haipitishi joto haraka kama kioo na chuma, kwa hiyo asubuhi ya baridi haikuumiza tena. Haina ukingo wa pete. Bonde lake linamwambia mchapaji asiyetazama kwamba yuko katikati. Na kulikuwa na ufundi wa kumimina plastiki mara mbili: kwanza herufi yenyewe kwa rangi moja, kisha mwili wa kitufe kwa rangi nyingine kuizunguka. Herufi ya namna hiyo si rangi iliyopakwa juu. Inashuka ndani ya kitufe, na hata uso ukilika herufi inabaki. Kwa mara ya kwanza upole na kudumu vilikaa mahali pamoja.

Mashine za namna hii ndizo zilizokuwa mezani Tanganyika ilipopata uhuru na kuanza kuandika mambo yake kwa Kiswahili. Hapo kukatokea jambo ambalo viwanda vya Ulaya na Marekani havikulifikiria. Katika Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni E, na hupigwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu. Katika Kiswahili malkia ni A: karibu herufi moja kati ya kila tano. Na A iko mwisho kabisa wa mstari wa katikati, upande wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote. Chukua maneno "Azimio la Arusha" uyahesabu: A nne katika herufi kumi na nne. Kwenye taipureta ya mkono, ambako herufi hukolea kwa nguvu ya kidole peke yake, kidole kile kidogo ndicho kilichobeba mzigo wa lugha yetu. Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zilikaa zikiwa mpya milele.

Ndipo ualimu wa uhazili ulipopata uzito. Chuo cha Uhazili Tabora kilitoa wahazili waliosambaa nchi nzima, na baada ya uhuru kiti cha mpiga taipu kilizidi kukaliwa na wanawake. Walijifunza kuchapa bila kutazama vitufe, vidole vinane juu ya mstari wa katikati na gumba kwenye ubao wa nafasi. Walijifunza hatimkato (mwandiko wa kufupisha maneno) ya Kiswahili na Kiingereza, na hadi leo matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini hudai kasi ya hatimkato ya maneno 80 au 100 kwa dakika. Mtu anayechapa bila kutazama hana haja ya herufi iliyochorwa. Anachohitaji ni uso wa kitufe unaomjulisha yuko wapi. Kwake yeye, kile ambacho kitufe kimetengenezwa nacho ni habari ya kazi kila sekunde.

Jumuiya, marufuku na minara mitatu

Mwaka ule ule wa Azimio, Arusha ilipata makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mkataba huko Kampala Juni 1967, na ukaanza kutumika Desemba. Mji wa masoko ya kahawa ukawa mji wa ofisi. Baadaye ikajengwa minara mitatu yenye majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumuiya ilivunjika 1977, na majengo yakawa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC.

Huko nje, mwaka 1961, IBM ilikuwa imetoa Selectric, taipureta ya umeme ambayo kitufe chake kiliamuru tu na mota ikapiga. Kwenye mashine ya umeme A hukolea sawasawa na herufi nyingine, hata kidole kiwe dhaifu vipi. Lakini mashine ya mkono haikuogopa kukatika kwa umeme, na ofisi nyingi za Tanzania ziliendelea kuitegemea. Kisha kukaja uamuzi uliorefusha maisha yake zaidi: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Kompyuta za Wizara ya Fedha, zilizoanza kutumika 1965, zilikuwa zimeleta hasara na kuvuruga hesabu. Marufuku ililegezwa polepole baadaye, lakini kizazi kizima cha wahazili kilikua kwenye chuma, utepe na karatasi za kaboni wakati wenzao wa Ulaya wakihamia kwenye skrini. Mji wa mikutano ya kimataifa ulifanya kazi yake kwa pigo la mkono, na uliifanya vizuri.

Mahakama na vitufe visivyo na herufi

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Ndani ya AICC kukaanza kazi ya maandishi ambayo mji haukuwahi kuiona. Washtakiwa walikuwa 93, mashahidi waliosikilizwa zaidi ya 3,000, na siku za vikao 5,800 mpaka mahakama ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ilitolewa humo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ubakaji ukatambuliwa kuwa sehemu ya kosa hilo.

Shahidi alisema kwa Kinyarwanda. Wakalimani wakaliingiza neno lake katika Kifaransa na Kiingereza. Waandishi wa mahakama wakalinasa neno kwa neno. Mashine yao, stenotaipu, haifanani na kibodi ya kawaida. Ile ya Kiingereza ina vitufe 22 tu, na mwandishi hubonyeza kadhaa kwa pamoja kupata silabi au neno zima kwa mpigo mmoja; waliofuzu huko Marekani hupimwa kwa kasi ya maneno 225 kwa dakika. Vitufe vyake havina herufi yoyote juu yake. Ni plastiki tupu, laini, iliyong'arishwa ili kidole kiteleze kutoka kimoja hadi kingine bila kukwama. Hapo ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine: ushahidi wa mama aliyepoteza watoto wake uliingia katika kumbukumbu ya dunia kupitia vitufe ambavyo mwandishi alivitambua kwa kugusa tu, macho yake yakiwa kwa shahidi.

Nakala za vikao vile sasa zinahifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, katika majengo ya chombo kilichorithi kazi ya mahakama, yaliyofunguliwa Novemba 2016.

Plastiki mbili

Miaka ya 1990 kompyuta zikaingia Arusha kwa wingi, na plastiki mbili zikawa ndizo zinazoguswa na karibu kila mfanyakazi wa ofisi. Inafaa tuzijue kwa majina.

Ya kwanza ni ABS. Imeundwa kwa akrilonitrili, butadini na stireni. Butadini ni malighafi ya mpira wa viwandani, ule unaotiwa kwenye matairi kama yaliyokuwa yakitengenezwa na General Tyre hapa Arusha kuanzia miaka ya 1970; ndiyo inayoipa ABS uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. ABS ni rahisi, humiminika vizuri, na haisinyai sana inapopoa, kwa hiyo herufi za kumimina mara mbili hutoka nazo zikiwa na kingo safi. Udhaifu wake ni ulaini. Mafuta ya ngozi na msuguano husawazisha vinundu vidogo vya uso wake, na kitufe kinaanza kung'aa kama mpini wa jembe lililolimia miaka mingi. Jua nalo huigeuza njano.

Ya pili ni PBT, ambayo ni poliesta, ya ukoo mmoja na nyuzi za nguo zetu nyingi. ABS huanza kulegea kwenye nyuzi joto 100 hivi. PBT huyeyuka kwenye 223. Ni ngumu zaidi, haidhuriki na mafuta ya mkono, na uso wake wenye chembechembe hubaki vile kwa miaka. Kwa kuwa inavumilia joto, herufi inaweza kupenyezwa ndani yake kwa mvuke wa rangi. IBM ilifanya hivyo kwenye kibodi yake ya Model M ya mwaka 1985, na nyingi za kibodi hizo zinasomeka vizuri hadi leo. Ubaya wake ni kwamba husinyaa sana inapopoa, kwa hiyo ubao mrefu wa nafasi hupinda kwa urahisi, na baadhi ya viwanda huutengeneza ubao huo peke yake kwa ABS.

Mkononi tofauti ni hii. ABS mpya ni nyororo na kidole huteleza. Ikizeeka huwa na utelezi wenye unyevu kidogo, hasa mikono ikitoka jasho. PBT ni kavu, inashika kidole. Kwa sauti, kofia ya kitufe (kipande cha plastiki kinachoguswa) iliyo nyembamba na yenye uwazi mkubwa ndani hulia kwa sauti ya juu, ya kikombe; kofia nene, ya milimita 1.5, hutoa sauti nzito na fupi. Mara nyingi PBT huja ikiwa nene na ABS ikiwa nyembamba, na watu husifu plastiki wakati unene nao umefanya nusu ya kazi. Nguvu ya kubonyeza yenyewe haitoki kwenye kofia. Hiyo ni kazi ya springi iliyo chini.

Springi hizo ndizo zinazozitofautisha kibodi za swichi, ambazo kila kitufe kina swichi na springi yake, na zile za bei rahisi zenye kuba la mpira. Swichi za Cherry MX za Ujerumani, zilizotokea miaka ya 1980, hutangazwa kuhimili mibonyezo zaidi ya milioni 50. Maana yake ni kwamba kofia itachakaa muda mrefu kabla ya swichi. Kwa kijana wa Njiro au Tengeru, pembezoni mwa Arusha, anayeandika programu na kutaka kununua kibodi ya namna hiyo, swali la plastiki ni swali la pesa.

Steshenari

Ingia leo kwenye steshenari yoyote kati ya Mnara wa Saa na Soko Kuu. Hapa ndipo mtu asiye na kompyuta huja kuchapiwa barua ya maombi ya kazi, mkataba wa kupanga nyumba, barua ya kwenda ofisi ya kata. Binti aliyeketi kwenye mashine anachapa huku mteja anasimulia, na mara nyingi yeye ndiye anayeipanga sentensi ya mteja ikawa barua.

Inamia uitazame kibodi yake. Ni ABS nyembamba yenye herufi za kupakwa rangi. A imefutika kabisa. Mahali pake pana uso mweusi unaong'aa kama kioo. N, I na K zimebaki vipande vipande. U inaelekea huko huko. Ubao wa nafasi una alama moja inayong'aa, ya umbo la yai, upande wa gumba la kulia. Q na X ni mpya. Vumbi laini la ardhi ya volkano ya Meru, linaloingia mlangoni wakati wa kiangazi, limejipanga kwenye mifereji kati ya vitufe. Likichanganyika na mafuta ya vidole husugua plastiki kila siku. Anayejua kusoma alama hizi atajua bila kuambiwa kwamba kibodi hii imeandika Kiswahili.

Binti huyu hahangaiki na herufi iliyofutika, kwani vidole vyake vinajua njia. Anachohangaika nacho ni utelezi. Kidole cha mwisho kinachoteleza juu ya A iliyosuguliwa humlazimisha kukaza mkono ili kisikosee, na mkono uliokazwa kutwa huuma jioni. Kibodi ya aina hii hununuliwa kwa kutazama bei peke yake, na anayeinunua mara nyingi siye anayeichapia.

Deni

Tangu kioo cha enzi ya boma hadi ABS ya steshenari, mambo mawili hayakubadilika. La kwanza ni kwamba kitufe kilichaguliwa na mtu asiyekigusa. Viwanda vilifikiria Kiingereza na Kijerumani. Maofisa ugavi walifikiria bajeti. Mchapaji alipewa alichopewa. La pili ni kwamba pamoja na hayo, kazi ilifanyika. Azimio lilisomeka. Malalamiko ya Wameru yalifika New York. Ushahidi wa zaidi ya watu 3,000 umehifadhiwa. Waliofanya kazi hiyo majina yao hayamo katika vitabu vya historia, na wengi wao waliojifunza kwenye taipureta sasa ni wastaafu.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na nayasema kwa dhati. Makumbusho ya Azimio na Makumbusho ya Taifa pale boma, pamoja na kuonyesha picha za viongozi, yatafute taipureta na kibodi zilizofanya kazi katika ofisi za mji huu, yaziweke zikiwa na vitufe vyake vilivyolika, na yarekodi sauti za wahazili wakieleza kidole kilivyojifunza nguvu ya stensili na uzito wa kaboni. Ujuzi huo haumo katika karatasi yoyote waliyochapa.

Ombi la pili ni kwa wanaonunua: halmashauri, shule, mahakama, wenye steshenari. Kabla ya kulipia kibodi kumi, muulizeni muuzaji vitufe vyake ni vya plastiki gani na herufi zimewekwaje, kisha mwiteni katibu mahsusi achape ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla hamjaamua. Lugha inayorudia A mara moja katika kila herufi tano inahitaji kitufe cha A kilicho imara, na mtu anayekibonyeza maelfu ya mara kwa siku anastahili kuulizwa anavyokihisi chini ya kidole chake.